Stika Kwenye Bawa: Watu wa Kawaida na Safari za Vipepeo

Kipepeo mfalme wa Amerika Kaskazini, ambaye wataalamu humwita Danaus plexippus, ana uzito wa karibu nusu gramu; punje moja nono ya karanga humzidi. Mbawa zake za rangi ya chungwa, zenye mishipa myeusi, hufikia upana wa sentimita 10 zikikunjuliwa. Kila mwaka, kuanzia Agosti, mamilioni ya vipepeo hawa huanza kuondoka kusini mwa Kanada na kaskazini mwa Marekani wakielekea kwenye milima ya katikati mwa Meksiko. Safari ya baadhi yao huzidi kilomita 4,000, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kufika huko. Waliotoka Meksiko mwezi Machi walitaga mayai Texas na majimbo ya jirani, kisha wakafa. Watoto wao walisogea kaskazini, wakataga, nao wakafa. Wajukuu na vitukuu vivyo hivyo. Wanaorudi ni vilembwe, na njia hawakuonyeshwa na yeyote.

Vizazi vya kiangazi huishi wiki chache tu. Kile cha mwisho huishi hadi miezi minane, kwa sababu siku zinapokuwa fupi na usiku kuwa wa baridi mwili wa kipepeo huahirisha uzazi na kuweka akiba ya mafuta. Akifika Meksiko hujibana pamoja na wenzake kwenye miti ya oyameli, jamaa ya misonobari, katika kimo cha mita 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari, wakasongamana hata matawi yakainama. Kiwavi wake naye ana chakula kimoja tu, yaani majani ya asklepia, mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo una sumu ambayo kiwavi huihifadhi mwilini, na ndiyo inayomfanya kipepeo awe mchungu kwa ndege. Ndugu yake Danaus chrysippus, anayeonekana sana mashambani na kando ya njia Afrika Mashariki, hutegemea mimea ya ukoo huohuo.

Eneo analozaliana kipepeo mfalme ni pana kiasi cha kuwakatisha tamaa watafiti. Linaanzia Texas hadi Ontario, na asklepia huota popote: ukingoni mwa mashamba ya mahindi, kando ya reli, nyuma ya nyumba za watu. Hakuna chuo kikuu chenye uwezo wa kuweka mlinzi katika kila bustani. Tembo huvishwa kola ya redio akafuatwa kwa miezi, lakini kwa mdudu wa nusu gramu jambo hilo kwa muda mrefu halikuwa hata la kufikiriwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya yanayojulikana leo kuhusu safari yake imetoka kwa walimu wa shule, wastaafu, wakulima, watoto na wapenda bustani. Kazi yao huitwa sayansi ya wananchi. Mtu asiye mtaalamu hukusanya taarifa kwa utaratibu uliowekwa na watafiti, bila malipo, na taarifa zake huunganishwa na za wengine wengi. Uzito wote uko kwenye neno “utaratibu”. Aliyesema kwamba juzi aliona vipepeo wengi amesimulia tu. Aliyeandika tarehe, mahali, idadi na muda aliotumia kutazama ametoa kitu kinachoweza kuhesabiwa.

Historia ya kazi hii inaanza na Fred Urquhart, mtaalamu wa wadudu wa Chuo Kikuu cha Toronto, na mkewe Norah. Swali lao lilikuwa jepesi kuliuliza: vipepeo hawa huenda wapi wakati wa baridi? Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 Urquhart alijaribu njia za kuwatia alama. Lebo za mwanzo za gundi ya maji zilibanduka ziliponyeshewa mvua. Hatimaye alipata lebo ndogo ya kubandika, mfano wa zile za bei madukani, iliyoandikwa namba na maneno machache ya Kiingereza yaliyomwomba atakayemwokota kipepeo ampeleke kwa idara ya zoolojia, Toronto. Tatizo likabaki idadi. Watu wawili hata wakifanya kazi usiku na mchana hawawezi kutia alama vipepeo wa bara zima.

Mwaka 1952 Norah aliandika makala katika jarida akiomba wasaidizi. Walioitika mwanzoni walikuwa 12. Miaka ilivyopita wakawa mamia, kisha maelfu, na lebo zilizookotwa zikachorwa kwenye ramani, mstari mmoja baada ya mwingine. Mistari hiyo ilielekea kusini-magharibi, ikapita Texas, kisha ikapotelea mpakani mwa Meksiko. Norah akaandikia magazeti ya Meksiko kuomba msaada. Aliyejibu alikuwa Ken Brugger, Mmarekani aliyeishi Jiji la Meksiko, ambaye alianza kuzunguka milimani pamoja na Catalina Aguado, mwanamke mzaliwa wa jimbo la Michoacán. Januari 1975 waliwakuta vipepeo kwa mamilioni katika msitu wa Cerro Pelón. Brugger hakuweza kutofautisha rangi, kwa hiyo mandhari yale ya chungwa yaliyokuja kuushangaza ulimwengu, yeye hakuyaona kama walivyoyaona wengine.

Mwaka mmoja baadaye Urquhart alipanda mwenyewe mlimani, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Alipoketi kupumzika, tawi la mti lilivunjika kwa uzito wa vipepeo likaanguka karibu naye, na katika lundo lile alimwona mmoja mwenye lebo nyeupe. Lebo hiyo ilibandikwa Agosti 1975 huko Chaska, Minnesota, na mwalimu wa shule pamoja na wanafunzi wake wawili. Uthibitisho wa kwanza kwamba kipepeo wa kaskazini hufika milima ile ulitoka, basi, mikononi mwa watu wa kujitolea. Mara nyingi tukio hili huitwa ugunduzi, na hapo pana haja ya kuwa makini. Wanavijiji wa Michoacán walikuwa wakiwaona vipepeo hao tangu enzi za mababu, na kwa kuwa hufika mwanzoni mwa Novemba, wakati wa sikukuu ya kuwakumbuka marehemu, wengi waliwahusisha na roho za waliotangulia. Walichokuwa hawajui ni walikotoka, kama vile watu wa Toronto walivyokuwa hawajui wanakokwenda.

Kazi ya kubandika stika sasa inaongozwa na mradi wa Monarch Watch, ulioanzishwa mwaka 1992 na Orley Taylor katika Chuo Kikuu cha Kansas. Stika ni ya duara, ndogo kuliko ukucha wa kidole kidogo, na uzito wake ni asilimia 2 hivi ya uzito wa kipepeo. Hubandikwa upande wa chini wa bawa la nyuma, karibu na katikati ya mwili, mahali ambapo haivurugi mruko. Aliyebandika huandika namba ya stika, tarehe, mahali, jinsia ya kipepeo, na kama alimnasa porini au alimlea tangu kiwavi. Jinsia ni rahisi kuitambua, kwani dume ana doa jeusi kwenye mshipa wa kila bawa la nyuma. Tangu mradi uanze, vipepeo zaidi ya milioni 2 wamebandikwa stika.

Stika isiyookotwa haina faida, na zinazopatikana ni kama 1 katika 100. Huko Meksiko kazi ya kuziokota hufanywa na waongozaji wa watalii na wanavijiji wanaomiliki misitu kwa pamoja. Huzitafuta kwenye zulia la vipepeo waliokufa chini ya miti, na mradi huwalipa kwa kila stika. Wapo wanaohoji kama mtu anayelipwa anaweza kuitwa mwanasayansi wa kujitolea. Swali hilo halina maana kubwa kwa familia inayoishi kandokando ya msitu ambamo kukata miti kumewekewa mipaka. Fedha hizo ni sehemu ndogo ya sababu ya kuuacha msitu usimame. Bila macho yao upande ule wa safari, stika za Kansas na Ontario zingeozea chini ya oyameli.

Stika inaeleza kipepeo alitoka wapi na akafia wapi. Mengine yanahitaji mbinu nyingine. Mradi wa kuwafuatilia viwavi, ulioanzishwa miaka ya 1990 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota akiwemo Karen Oberhauser, huwataka watu wachague kipande cha ardhi chenye asklepia na kukikagua kila wiki msimu mzima, jani kwa jani, wakihesabu mayai na viwavi wa kila hatua ya ukuaji. Ni kazi inayochosha mgongo, na mara nyingi jibu ni sifuri. Sifuri hiyo ndiyo watu wapya huona aibu kuiandika, wakidhani wameshindwa. Kwa mtafiti ina thamani sawa na namba nyingine yoyote, maana asiyejua mahali vipepeo walipokosekana hawezi kujua kama wanapungua.

Takwimu za mradi huu zilitumika kujibu swali zito. Kuanzia mwaka 1996 wakulima wa Marekani walianza kupanda soya, baadaye na mahindi, yaliyobadilishwa vinasaba ili yastahimili dawa ya kuua magugu. Dawa iliponyunyiziwa shamba zima, asklepia zilizokuwa zikiota kati ya mistari zilikufa. Mwaka 2013 John Pleasants na Oberhauser walichapisha utafiti uliokadiria kwamba kati ya 1999 na 2010 eneo la kati-magharibi mwa Marekani lilipoteza asilimia 58 ya asklepia zake. Hesabu za mayai kwa kila shina, zilizokusanywa na watu wa kujitolea, ndizo zilizowawezesha kukadiria hasara kwa upande wa vipepeo wenyewe: uzalishaji katika eneo hilo ulishuka kwa asilimia 81.

Wengine hufuatilia ujio. Kupitia mradi wa Journey North, watu kuanzia mpakani mwa Meksiko hadi Kanada huripoti kipepeo wa kwanza waliyemwona msimu wa machipuko, na ramani hujaa alama kutoka kusini kwenda kaskazini wiki baada ya wiki, ikionyesha mahali msafara ulipokwama kwa baridi au ukame. Wengine tena hukagua afya. Mradi ulioasisiwa na Sonia Altizer wa Chuo Kikuu cha Georgia huwafundisha watu kubonyeza kipande cha gundi ya plastiki kwenye tumbo la kipepeo, kumwachia aende zake, na kutuma kipande hicho maabara. Magamba yaliyonasa huchunguzwa kwa hadubini ili kuona vijimbegu vya kimelea kiitwacho Ophryocystis elektroscirrha, ambacho huwadhoofisha vipepeo na wakati mwingine huwafanya watoke kwenye pupa wakiwa na mbawa zilizojikunja.

Sampuli hizo zilifichua jambo lililowauma wengi. Kwa nia njema, wapenda bustani wa kusini mwa Marekani walikuwa wamepanda asklepia ya kitropiki, ambayo hainyauki wakati wa baridi. Baadhi ya vipepeo walipokuta chakula mwaka mzima waliacha kusafiri wakabaki kuzaliana palepale, na vimelea vikalundikana kwenye majani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba maambukizi kati ya vipepeo hao wasiosafiri yalikuwa makubwa zaidi kuliko kati ya wasafiri. Ushauri ukabadilika: panda asklepia ya asili ya eneo lako, au ikate ile ya kitropiki majira ya baridi yanapokaribia. Waliopanda na waliogundua madhara walikuwa, kwa kiasi kikubwa, watu walewale.

Upande wa magharibi wa Milima ya Rocky kuna kundi lingine, ambalo hupitisha baridi pwani ya California badala ya Meksiko. Tangu mwaka 1997 watu wa kujitolea huwahesabu karibu na sikukuu ya Shukrani mwishoni mwa Novemba, katika zoezi linaloratibiwa na shirika la Xerces. Huamka alfajiri, kabla jua halijawapasha vipepeo joto wakaanza kuruka, na kukadiria idadi ya walioshikamana kwenye kila tawi la mkalitusi. Mwaka wa kwanza walihesabu zaidi ya milioni 1.2. Mwaka 2020 walipata pungufu ya 2,000 kwa pwani nzima, na katika mji wa Pacific Grove, unaojiita nyumbani kwa vipepeo hawa, hawakumkuta hata mmoja. Mwaka uliofuata idadi ilipanda hadi karibu 247,000, kisha mwaka 2024 ikashuka tena hadi 9,119. Namba zinazoruka hivyo ingekuwa vigumu kuziamini kama zingetoka kwa mtazamaji mmoja. Zimetoka kwa mamia ya watu waliorudi kwenye miti ileile, wiki zilezile, kwa zaidi ya miaka 20.

Huko Meksiko hakuna anayehesabu mmoja mmoja. Hupimwa eneo la msitu lililofunikwa na vipepeo mwezi Desemba. Msimu wa 1996–97 lilikuwa zaidi ya hekta 18. Msimu wa 2013–14 lilikuwa hekta 0.67, pungufu ya uwanja mmoja wa mpira. Msimu wa 2023–24 lilikuwa 0.90, na uliofuata 1.79. Kushuka huku kumezua mabishano. Baadhi ya watafiti waliona kwamba hesabu za kiangazi huko kaskazini hazikuonyesha anguko kubwa kama la Meksiko, wakapendekeza kwamba vipepeo wanazaliwa wa kutosha ila wanafia njiani. Mwaka 2020 Taylor na wenzake waliijibu hoja hiyo kwa kumbukumbu za vipepeo milioni 1.4 waliobandikwa stika kati ya 1998 na 2015. Kama vifo vya njiani vingekuwa vimeongezeka, uwiano wa stika zinazofika Meksiko ungekuwa ukishuka mwaka hadi mwaka. Haukushuka. Mabishano hayakuisha, lakini pande zote mbili zinabishana kwa kutumia namba zilizoletwa na watu wa kujitolea. Tathmini moja ilikadiria kwamba mwaka 2011 pekee walitumia saa 72,000 kuwafuatilia vipepeo wafalme.

Makosa hayakosekani. Kuna kipepeo mwingine, Limenitis archippus, anayefanana na mfalme kiasi cha kumdanganya hata mzoefu. Hutofautishwa na mstari mweusi unaokatiza bawa la nyuma. Watu pia hutazama zaidi wikendi, na huishi zaidi mijini, kwa hiyo ramani huonyesha walipo watu pamoja na walipo vipepeo. Watafiti hurekebisha kwa kuomba picha na kwa hesabu zinazozingatia muda wa kutazama. Bidii nayo ina hatari yake. Wapo wanaolea mamia ya vipepeo ndani ya nyumba wakidhani wanaokoa spishi, ilhali utafiti wa 2019 ulionyesha kwamba vipepeo wa kufugwa kibiashara hawakuelekea kusini kama wa porini.

Hesabu hizi zimefika hadi kwenye meza za maamuzi. Hifadhi ya Meksiko, yenye hekta zaidi ya 56,000, iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, IUCN, liliwaweka vipepeo wafalme wahamaji katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka, kisha mwaka 2023 likawashusha daraja moja baada ya kupitia upya takwimu. Desemba 2024 serikali ya Marekani ilipendekeza spishi hiyo ilindwe kisheria. Wakati huohuo makumi ya maelfu ya bustani, viwanja vya shule na kingo za barabara zimesajiliwa na Monarch Watch kama vituo vya mapumziko vyenye asklepia na maua ya kunyonya.

Safari ndefu kuliko zote hizi inaigusa Afrika. Vanessa cardui, kipepeo wa chungwa mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe, husafiri kati ya Afrika ya kitropiki na Ulaya ya kaskazini kabisa, mzunguko wa takribani kilomita 15,000 unaokamilishwa kwa kupokezana vizazi hadi sita. Mwaka 2009 alifurika Ulaya, na watu wakatuma taarifa zaidi ya 60,000; Uingereza pekee watazamaji walikuwa 10,000. Taarifa hizo, zikiunganishwa na rada, zilimaliza fumbo la muda mrefu. Ilidhaniwa kwamba vipepeo hawa hufika Ulaya wakafia huko, kwa kuwa hakuna aliyewaona wakirudi. Kumbe hurudi wakipaa mamia ya mita juu ya ardhi, mahali ambapo jicho haliwafikii.

Kusini mwa Sahara watazamaji ni wachache, na ndiko sehemu kubwa ya maisha ya kipepeo huyo ilikobaki gizani kwa muda mrefu. Afrika Kusini ndiyo iliyotangulia: kupitia mradi wa LepiMAP wananchi hutuma picha za vipepeo zikatambuliwa na wataalamu na kuingizwa kwenye ramani, na wakazi wa Johannesburg wamezoea kuuona msafara wa Belenois aurota, weupe wenye mishipa ya kahawia, ukipita juu ya mji kuelekea kaskazini-mashariki wakati wa Krismasi. Afrika Mashariki spishi hiyo nayo huhama, pamoja na Catopsilia florella, kipepeo wa kijani kilichopauka anayepita kwa maelfu. Ujuzi wa vipepeo upo vijijini. Tangu 1993 wakulima wanaouzunguka msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, wamekuwa wakifuga viwavi na kuuza pupa nchi za nje kupitia mradi wa Kipepeo.

Wala kuhesabu misafara si jambo geni huku. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Mwingereza C. B. Williams alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, kwenye milima ya Usambara, na mwaka 1930 akachapisha kitabu kizima kuhusu uhamaji wa vipepeo, kilichokusanya kumbukumbu za watazamaji wengi kutoka mabara mbalimbali. Njia ya kuhesabu msafara unaopita bado haihitaji kifaa chochote. Mtazamaji husimama mahali pamoja, huchagua vitu viwili mbele yake, tuseme minazi miwili iliyopishana mita 20, na kuhesabu vipepeo wanaokatiza kati yake kwa dakika 5. Huandika walikuwa wangapi, walielekea upande gani, upepo ulivuma kutoka wapi, saa, tarehe na mahali. Baada ya nusu saa hurudia, akiwa amesimama palepale.